Mtani Hakatazwi Msibani

Deo alinipigia simu nikiwa nanyoa ndevu. Akanipa pole, kisha akanipa masharti. Pole ilikuwa fupi. Masharti yaliendelea mpaka sabuni ikanikaukia shavuni.

"Elirehema, mdogo wangu, familia imekaa na imeamua," alisema. Huyu Deo ni mwenyekiti wa kila kamati ya Watanzania wa Houston: ya harusi, ya ubatizo, ya misiba, na nadhani ipo pia kamati ya kuteua kamati. "Tunaaga mwili Jumamosi asubuhi, ukumbi wa kanisa, Pearland. Jumapili mwili unaondoka kwenda Kilimanjaro. Karibu sana. Ila please, uje kama mwanaume. Vaa suti. Kaa nyuma. Mic usiiguse. Kuna Padri, kuna wafanyakazi wenzake, hatutaki drama."

"Nani amesema hivyo?"

"Melania. Na mimi nam-support."

"Melania anajua mimi ni nani kwa mama yake?"

"Anajua sana wewe ni nani, ndiyo maana."

Nikakata simu. Nikamalizia ndevu kwa hasira, nikajikata kidevuni.

Niseme mapema tusipotezeane muda. Mimi ndiye Mama Mangi. Kama umewahi kupita mitaa ya starehe ya Dallas umeliona bango langu: mwanamke mnene, gauni la kitenge, kilemba kama paa la kigango, mkoba kwenye kiwiko, jicho moja limekonyeza. Unene ni wa sponji, nyonga nazishona mwenyewe. Kazi yangu inaitwa drag, mwanaume kupanda jukwaani na mavazi ya kike akachekesha na kuimba, na nimeifanya zaidi ya miaka ishirini, Dallas, Fort Worth, Houston, mpaka Chicago na Atlanta. Nimevishwa mataji ambayo kwetu Same hayana hata jina. Na kuna swali ambalo kila Mtanzania anataka kuniuliza akishakunywa mbili tatu. Huwa silijibu, na hapa pia silijibu. Kila mtu aulize habari za chumbani kwake.

Swali ambalo hakuna anayeniuliza ni hili: Mama Mangi alitoka wapi? Alitoka Kibosho, Uchagani. Jina lake ni Avelina, na sasa yumo ndani ya jeneza, na binti yake anataka nikae nyuma.

Nilikutana na Avelina kwenye sherehe ya Uhuru, Houston, nikiwa mwanafunzi mwenye koti moja. Nilikuwa nimepanga foleni ya chakula, nikachukua mshikaki, mkono wenye bangili ukaja ukauchomoa kwenye sahani yangu.

"Wewe kijana, kabila gani?"

"Mpare."

"Nilijua. Mpare hapewi nyama bure, ataishitaki. Ninyi si ndio mnaouza ng'ombe ili mshinde kesi ya kuku?" Akautafuna mshikaki wangu mbele ya watu.

Mpare na Mchaga ni watani, na asiyeujua utani anaweza kudhani tunagombana. Mtani anaruhusiwa kukutukana mbele ya wakwe zako, akachukua kofia yako akaondoka nayo, na wewe ukikasirika unaonekana hukulelewa. Na mtani ukifiwa ndiye anayekuja kumwigiza marehemu watu wakiwa wanalia, mpaka wanaolia wanashika mbavu. Haalikwi, hakatazwi. Kwa hiyo sikukasirika. Nilimvua Avelina kilemba chake, nikachukua na mkoba, nikapanda jukwaani alipokuwa amesimama mshereheshaji, nikamwigiza.

Kumwigiza hakukuwa na kazi, kwa sababu saa nzima nilikuwa namtazama. Alikuwa msaidizi wa wauguzi katika mojawapo ya hospitali kubwa za Houston, na kwenye buti la gari lake alikuwa na duka: vitenge, dagaa wa Mwanza, unga wa ulezi. Alitembea akiegemea nyonga ya kushoto kwa sababu ya goti bovu, na akikupita lazima ashike kitambaa ulichovaa, akuulize umenunua bei gani, akwambie umepigwa. Ukimpa noti aliiangalia pande zote mbili, akaitia kwenye mkoba, akaacha mkono wazi na kusema, "Na nyingine?" Nikafanya hayo yote. Ukumbi ukalala chini. Avelina alicheka mpaka akakaa sakafuni, kisha akapanda jukwaani kudai asilimia yake, kwa kuwa mali ghafi ni yake.

Mgeni mmoja Mmarekani, nesi mwenzake, alikuwa na binamu aliyekuwa akiendesha klabu Dallas. Ndivyo nilivyoanza. Lile gauni la kwanza Avelina alinipa mwenyewe, la kijani lenye tausi, akisema, "Usinitie aibu kwa gauni la bei rahisi."

Na hapo ndipo ilipoanza taabu ya kutoeleweka na yeyote. Wazungu wa klabu walinitaka nivae ngozi ya chui na kupiga vigelegele. Nikawaambia Mama Mangi hajawahi kumwona chui, yeye anafanya biashara. Walitaka nichezeshe midomo tu kwenye nyimbo za wengine, mimi nilitaka kushuka kwenye meza zao nishike mashati yao na kuwauliza wamenunua bei gani. Nilishindwa mashindano mengi kwa ubishi huo kabla sijaanza kushinda. Nilipoanza kushinda, wakaniandika kwenye mabango kuwa ni malkia kutoka Afrika. Malkia! Mwanamke anayeuza dagaa kwenye maegesho ya hospitali!

Kwa upande wa pili, watu wangu. Harusini walinicheka wakaniita mhuni nikigeuka. Deo aliniondoa kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya bila neno, na mwezi uleule mkewe akaniandikia pembeni kuniomba nimshonee gauni. Wengine waliniombea. Dada mmoja wa mtaa wa Vickery Meadow, Dallas, aliniwekea mikono kichwani mbele ya mashine za kufulia, nguo zangu zikiwa bado zinazunguka humo ndani. Nilimwitikia amina. Ningefanyaje?

Aliyeelewa alikuwa mmoja tu. Avelina alikuwa akija kwenye maonyesho yangu ya Houston, anakaa mbele kabisa, anaagiza soda moja usiku mzima. Watu wakinitunza noti zikaanguka, yeye anakanyaga moja kwa kiatu na kuniangalia. Mimi namgeukia, natoa mkono, "Na nyingine?" Yeye ananyanyuka, "Na nyingine?" Tunabishana hivyo, mimi nikiwa yeye na yeye akiwa yeye, na Wamarekani wanapiga meza bila kujua kwamba wanaona utani wa Upareni na Uchagani. Kwao ilikuwa drag. Kwa jumuiya yetu ilikuwa laana. Sisi wawili tulikuwa tunataniana tu, kama walivyotaniana babu zetu.

Mwaka huu akaumwa. Nilikwenda kumwona hospitalini, ileile aliyoifanyia kazi. Alikuwa amekonda, sauti tu ndiyo iliyobaki na ukubwa wake.

"Mpare, nikifa watasema nilikuwa mpole."

"Mpole nani?"

"Ndiyo nakwambia. Watasema mpole, mnyenyekevu, hakuwa na neno na mtu. Watazika mtu mwingine kabisa. Wewe uje uniokoe. Uvae lile gauni la tausi. Na uangushe sarafu, wapate uhakika."

Mzaha huo kila Mtanzania anaujua. Mchaga akifa, kabla hujamzika angusha sarafu karibu naye. Asipoamka, huyo kweli kafa.

"Nikuapie?" nikamuuliza.

"Mpare kiapo cha nini, andika mkataba." Akacheka, akakohoa, nesi akanifukuza.

Nilimuahidi. Sasa unaona Deo na suti yake wamenikaba wapi.

Nilimpigia Melania. Alilelewa Houston tangu akiwa mdogo, sasa anafanya kazi Plano kwenye ofisi moja ya vioo vitupu. Nilimweleza kwa upole, upole ambao sina, juu ya mtani na ahadi na sarafu.

"Uncle Eli," alisema, "nisikilize. Nilipokuwa high school, wenzangu walikuwa wanacheka mama yangu anauza samaki kwenye gari. Nilikuwa nainama kwenye siti nisionekane. Okay? Halafu wewe ukaenda uka-make career out of it. Mwaka jana mtu wa ofisini kwangu ali-share video yako, watu wazima wanacheka, 'Na nyingine, na nyingine,' hawajui huyo ni mama yangu. Nilikwenda chooni nikalia. Na sasa unataka kumvaa mbele ya jeneza lake?"

"Mama yako mwenyewe ndiye aliyeniomba."

"Mama alikuwa anakufurahisha. You don't get to do it. Not on Saturday."

"Melania, mwanangu, utani ni mila…"

"Ni mila mkiwa Same. Hapa ni show. Watu wanalipa kiingilio."

Akakata. Nilibaki na simu mkononi, na kilichonikera zaidi ni kwamba sikuwa na jibu la hapo hapo. Mimi, ninayelipwa kuwa na jibu la hapo hapo! Jibu lilinijia nikiwa barabarani Jumamosi alfajiri, naiacha Dallas, na likawa halina maana kwa sababu hakukuwa na wa kulisikia ila usukani. Nilikuwa nataka kumwambia kwamba mama yake hakuwa anachekwa, alikuwa anachekesha. Kuna tofauti kubwa sana. Lakini mtoto aliyeinama kwenye siti utamweleza tofauti hiyo kwa lugha gani?

Gauni la tausi nilikuwa nimelipiga pasi na kulitundika siti ya nyuma. Suti nilikuwa nimeivaa. Njia nzima nilibishana na vyote viwili. Nikifika Huntsville nimeamua gauni. Nikifika Conroe nimeamua suti. Niliingia Houston nikiwa nimeamua kurudi nyumbani, na foleni ikanizuia hata kugeuza gari. Pearland nikafika nimechoka na nimejaa sumu. Gauni nikaliacha kwenye gari. Sikuliacha kwa kukubali. Binti wa marehemu alikuwa amesema hapana, na hata mtani ana mpaka wake akiwa na akili.

Deo alikuwa mlangoni na beji ya kamati. Akanikagua kuanzia kiatu mpaka kola.

"Asante kwa ushirikiano," akasema.

Nilitamani kumng'ata.

Nikakaa nyuma, jirani na meza ya chai, pembeni ya Yasinta, mama mmoja wa Kibosho aliyekuwa shoga yake Avelina tangu usichana. Mbele kulikuwa na maua meupe na picha ya Avelina ambayo sikuitambua, kwa sababu alikuwa amefunga mdomo. Piano ilikuwa inalia taratibu kwenye spika. Padri akasali. Kisha Deo akashika mic kusoma wasifu.

"Marehemu alikuwa mpole," akaanza.

Nikashika kiti.

"Alikuwa mnyenyekevu, mtu wa sauti ya chini, hakupenda makuu, hakuwa na neno na mtu yeyote."

Yasinta akaniinamia. "Wanamzika nani huyu?" akanong'ona.

Nikageuza macho ukumbini. Ukumbi mzima ulikuwa na watu aliowauzia dagaa, aliowapigia kelele kuhusu nguo zao, aliowapakia kwenye gari lake kuwapeleka kutafuta kazi huku akiwatukana njia nzima, na wote walikuwa wanatikisa vichwa kwa upole kusikiliza habari za mwanamke asiyewahi kuwepo. Hakuna aliyecheka. Hata kulia walilia kwa adabu, leso kwenye kona ya jicho. Na mimi, mtu pekee niliyepewa kazi na marehemu, nilikuwa nimekalishwa jirani na birika.

Ikafika zamu ya heshima za mwisho. Watu wakapanga mstari, wakapita, wakainama, wakampa mkono Melania aliyekuwa amesimama kichwani mwa jeneza na nguo nyeusi, mkoba wa mama yake kwenye kiwiko. Mkoba uleule wa kahawia. Nikajiambia nitapita kama mtu, nitainama kama mtu, nitarudi Dallas. Nikasubiri mpaka nikawa wa mwisho.

Sikupanga yaliyofuata. Nilipiga hatua ya kwanza kwenye kile kijia katikati ya viti, na mguu wa kushoto ukashuka kwa uzito. Nyonga ikafuata. Mwili wangu umetembea mwendo ule miaka ishirini na zaidi, na mbele ya mwenye mwendo haukujua mwingine. Kiwiko kikapanda kushika mkoba ambao sikuwa nao. Nilikuwa na suti, sina kilemba, sina sponji, sina hata wanja, na bado nikasikia mtu upande wa kulia akivuta pumzi na kusema, "Yesu na Maria, Avelina huyo."

Nikasimama. Nikashika upindo wa koti la mzee mmoja, nikalisugua kwa vidole viwili, nikamwangalia kwa huruma. "Umenunua bei gani?" Midomo ikaanza kumcheza mzee. "Umepigwa, baba."

Yasinta ndiye aliyeanza. Cheko lake lilitoka kama mtu aliyekwamwa na mfupa ukamtoka. Akafuata mzee wa koti, kisha kinamama wa kwaya, kisha wale wauguzi wenzake, wasiojua Kiswahili lakini wanaujua mwendo ule kwenye korido zao. Mmoja akaziba uso kwa mikono miwili, mabega yakimtetemeka. Sasa watu walikuwa wanalia kweli.

"Elirehema, please," Deo alinijia ubavuni na sauti ya kamati. "Tulikubaliana."

Nikashika tai yake. "Na hii je? Ulipigwa na nani?"

Nikampita. Nikafika kwenye jeneza. Melania alikuwa akiniangalia muda wote bila kupepesa, uso umekauka. Sikuthubutu kumtazama tena. Nikaingiza mkono mfukoni, nikatoa sarafu, nikainyanyua ukumbi wote uione, na wazee wakajua kinachokuja, wakanyamaza wenyewe.

Nikaiachia.

Ikalia kwenye vigae, ikadunda, ikazunguka kwa ukingo wake, ikazunguka, ikaanza kulegea, ikalala.

Nilisubiri. Naapa nilisubiri. Tangu siku ile ya mshikaki sijawahi kumtupia Avelina neno likarudi tupu, na masikio yangu yalikuwa wazi kabisa yakingojea ile sauti. Mikono yake iliyokunjwa juu ya rozari haikusogea. Hapo ndipo nilipojua kuwa amekufa. Hospitali ilikuwa imeniambia, Deo alikuwa ameniambia, jeneza lilikuwa mbele yangu, na sikuwa nimejua. Nikashika ukingo wa jeneza kwa mikono miwili. Mila inataka mtani wa pili ajibu, nami nilikuwa nimebaki peke yangu mbele ya umati, mchekeshaji mwenye mataji.

Kimya kikawa kirefu mpaka kikaanza kuwa aibu. Nilimsikia Deo akikohoa, anajiandaa kuniondoa.

Melania akasogea. Nikajua ananifukuza, na nikaona ni haki yake. Badala yake akainama taratibu, na ile nguo yake nyeusi ya kubana, akaiokota sarafu sakafuni. Akaiangalia upande mmoja. Akaigeuza, akaiangalia upande wa pili. Akafungua mkoba wa kahawia, akaitupia humo, akaufunga kwa kishindo. Machozi yalikuwa yanamchuruzika mpaka kidevuni, lakini mkono wake aliuacha wazi mbele ya tumbo langu.

"Na nyingine?" akasema.

Nikaanza kujipapasa mifukoni.